RAM ya Kasi: Kwanza Jua Kompyuta Yako Inakwama Wapi

Kila anayeanza kuunda kompyuta ya gemu hufika mahali akauliza: niongeze pesa nichukue RAM (kumbukumbu ya muda ambayo prosesa inafanyia kazi) yenye kasi zaidi, au hii inatosha? Mimi simjibu mtu mpaka nijue mashine yake. RAM ya kasi humfaa yule ambaye prosesa yake inakaa ikisubiri data. Kama inayolemewa ni kadi ya grafiki, nunua hata RAM ghali kuliko zote dukani, fremu (picha zinazoonyeshwa kila sekunde) zitabaki palepale.

Kulijua hilo hakuhitaji fundi. Fungua gemu unayoicheza kila siku, shusha ubora wa picha na rezolusheni hadi chini kabisa. Fremu zikipanda sana, kadi ya grafiki ndiyo iliyobanwa, na pesa yako iende huko. Zikigoma kupanda, prosesa ndiyo inayokwama, na hapo sasa tunaweza kuzungumza habari za RAM. Wachezaji wa Counter-Strike 2 na Valorant wanaotafuta fremu zaidi ya 200 kwa sekunde hukutana na hali hii mara nyingi.

Halafu chunguza uliyo nayo. Kwenye Windows, bonyeza Ctrl+Shift+Esc, ingia "Performance", kisha "Memory". Mara nyingi nakuta RAM iliyoandikwa 3200 (namba hiyo ni kasi, kwa MT/s) inakwenda 2133 au 2400, kwa sababu tu hakuna aliyeingia BIOS, yaani mipangilio ya msingi ya mashine, kuwasha XMP, mpangilio unaoipa RAM kasi yake iliyoandikwa (kwa RAM za DDR5 kwenye mashine za AMD, huitwa EXPO). Kasi umeshailipia, imelala tu. Hapo hapo soma idadi ya sloti zilizotumika. Kipande kimoja cha DDR4-3200 (DDR4 ni kizazi cha RAM kilichotangulia DDR5) kina uwezo wa kupitisha GB 25.6 kwa sekunde. Viwili, GB 51.2. Kwa hiyo anayetumia kipande kimoja aongeze cha pili kinachofanana nacho kabla ya kufikiria kitu kingine. Kwenye mazabodi (bodi kuu za kompyuta) nyingi za sloti nne, chomeka vipande kwenye sloti ya pili na ya nne kuhesabu kutoka kwenye prosesa. Ukivichomeka ubavu kwa ubavu kwenye bodi kama hizo, faida yote hiyo inapotea.

Wengi wetu tunaanza na kompyuta za ofisi zilizotumika, zile Dell OptiPlex na HP zinazouzwa Kariakoo, Dar es Salaam, au Luthuli Avenue, Nairobi, tukaziongezea kadi ya grafiki. Hapa naomba unisikilize vizuri. OptiPlex yenye prosesa ya Core i5-8500, mwisho wake wa kasi ya RAM ni 2666. Ukiweka RAM ya 3200 itashuka yenyewe hadi 2666, na BIOS yake haina pa kubadilisha. Muuzaji hajakudanganya, RAM ni ya 3200 kweli, ila mashine haiwezi kuifikia. Chukua ya bei nafuu, hakikisha jumla inafika GB 16, na chenji iingie kwenye SSD, diski ya kasi. Bei za RAM zilipanda vibaya mwishoni mwa 2025, kwa hiyo kosa la namna hii siku hizi linauma zaidi.

Kwa anayeunda mashine mpya, usisome namba kubwa peke yake. Chukua CL (namba ya ucheleweshaji iliyoandikwa kwenye RAM), zidisha kwa 2000, gawanya kwa kasi: unapata muda wa kusubiri kwa nanosekunde. DDR4-3200 CL16 ni 10. DDR4-3600 CL18 ni 10 vilevile. DDR5-6000 CL30, 10 tena, lakini DDR5-6000 CL40 inazidi 13. Kwa Ryzen (prosesa za AMD) za soketi ya AM5, 6000 CL30 ndiyo ninayoishauri; kuanzia hapo kwenda juu bei inakimbia na fremu hazifuati. Na ukinunua Ryzen 7 7800X3D, kashe yake (kumbukumbu ndogo iliyo ndani ya prosesa) ya MB 96 imeshapunguza sana safari za kwenda kwenye RAM, kwa hiyo hata 5200 haitakuangusha.

Kundi moja nalitofautisha na wengine wote: wanaocheza bila kadi ya grafiki, kwa mfano wenye Ryzen 5 5600G. Grafiki yake haina kumbukumbu yake yenyewe, inachota kwenye RAM ileile ya prosesa, na kila ongezeko la kasi linaonekana kwenye skrini. Hao nawaambia bila kusita: vipande viwili, na kama bajeti inaruhusu, 3600 badala ya 3200.