Kitambulisho changu ni cha Kenya, babu yangu ni wa Mueda

Juma lililopita dada mmoja wa Kilifi, mjukuu wa Wapemba, aliniandikia: "Kaka, baba anasema nikijaza fomu ya kitambulisho nitakuwa nimekana kwetu. Nifanyeje?" Usingizi uliniruka. Swali hilo nimelibeba miaka mingi.

Babu yangu Mmakonde alitoka Mueda, kaskazini mwa Msumbiji, akaja kukata mkonge Kwale, kisha miwa Ramisi. Alipovuka Ruvuma hapakuwa na uraia wa Msumbiji, palikuwa na Mreno. Msumbiji ilipopata uhuru mwaka 1975, baba yangu, aliyezaliwa Kwale, alikuwa keshaota ndevu. Basi karani aliponiambia mbele ya foleni nzima, "Rudi kwenu," kwetu ni wapi? Nilikuwa na miaka 19, mzaliwa wa Msambweni. Fomu yangu aliirudisha kwa kuisukuma na ncha ya kalamu, kama anayeondoa mdudu mezani. Mpaka leo inaniuma.

Miaka ikapita, natumia laini ya simu iliyosajiliwa kwa jina la jirani. Oktoba 2016 sisi Wamakonde tuliposhika njia kwa miguu kutoka Kwale kwenda Nairobi kudai vitambulisho, nilikuwamo, na najivunia. Rais Uhuru Kenyatta aliagiza tupewe vitambulisho kufikia Desemba.

Lakini nisichosahau ni siku ya picha. Bibi ana tundu la ndonya, lile pambo la mdomoni la wanawake wa Kimakonde, kwenye mdomo wa juu. Alikuja amejifunika mtandio hadi puani, kwa kuwa alishachekwa sana sokoni. Mpiga picha akamwomba auteremshe. Akauteremsha polepole, akainua kidevu. Kadi ilipotoka, ilikuwa ya Jamhuri ya Kenya, na tundu la ndonya linaonekana wazi.

Ndipo nikaelewa. Uraia unatoka serikalini, na serikali inaweza kukucheleweshea hata miaka hamsini. Umakonde wa bibi hakuna ofisi iliyoutoa. Hata Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya 2011, iliyowafungulia mlango wasio na utaifa walioishi Kenya tangu tarehe 12 Desemba 1963, haikumtaka mtu akane kabila lake.

Kwa hiyo dada, chukua kitambulisho. Wapemba mmetambuliwa kuwa kabila la Kenya tangu 2023, unangoja nini? Chukua. Na nyinyi wazazi, acheni kuwatisha watoto. Mwana asiye na karatasi hapati kazi ya maana, anaishi akikwepa askari, halafu mnasema mnalinda ukoo! Wafundisheni lugha, waonyesheni makaburi, watajieni majina ya mababu. Sisi ngoma yetu ya vinyago, mapiko, bado twaicheza, na kura twapiga.

Nenda Jumatatu asubuhi. Beba cheti cha kuzaliwa na karatasi zozote za wazazi, umwombe mzee wa kijiji akusindikize. Wakikuuliza kabila, jibu Mpemba. Na baba umchukue, akae karibu na dirisha asikie.