Noah SR40 ya mkononi: ninayo tangu 2012

Mkuu, umeuliza kama kwa familia ya watu sita, ukiishi Same, uchukue Toyota Noah ya zamani, ile SR40, au ujikaze ufikie Toyota Voxy iliyokuja baada yake, na kama kweli hiyo ya zamani itadumu. Yangu ni ya 1999. Niliinunua mkononi hapa Moshi mwaka 2012, na hadi leo ndiyo ya kazini, sokoni na misibani.

Injini isikutie hofu, 3S-FE ni ngumu kweli. Mwaka 2017 natoka Dar, taiming belti, ile inayoendesha valvu, ikakatika kabla ya Korogwe. Kosa ni langu: belti ya kubadilisha kila kilomita 100,000 niliiacha mpaka nikasahau ilifungwa lini. Gari ikazima kimya, nikajua injini imekwenda. Fundi aliyeletwa na bodaboda akacheka tu, akasema hii belti ikikatika valvu hazigongani na pistoni. Akafunga mpya palepale kando ya barabara, kuanzia saa nane mpaka magharibi, na usiku wa manane tulikuwa nyumbani.

Kinachoua hizi gari ni joto. Injini imekaa chini ya siti za mbele, hata plagi huzifikii bila kunyanyua siti. Rejeta iko mbele kabisa, kwa hiyo maji yanasafiri kwenye mabomba marefu, na mengine yanakwenda mpaka hita ya nyuma ambayo huku kwetu nani anaiwasha? (Labda Julai, huko Marangu.) Bomba likiliwa na kutu linavuja chini usikoona, na ukija kuona mshale wa joto umepanda, umeshachelewa.

Mimi nilichemsha 2014 nikipandisha huko huko Marangu, watu saba na madebe mawili ya mbege. Miaka miwili nilikuwa natia maji ya bomba, rejeta imeziba kutu tupu. Hedi, kile kifuniko cha juu cha injini, ikapinda, ikachongwa, gasketi mpya, laki saba zikaondoka na mbege ikafika imepoa hamu. Tangu hapo natia kulanti tu, yale maji maalumu ya rejeta yasiyoleta kutu, na ile njia ya hita ya nyuma niliiziba. Haijachemsha tena.

Gia boksi haina maneno mengi: ATF safi, yaani mafuta ya gia otomatiki, usingoje yaanze kutoa harufu. Petroli napata kama kilomita 9 kwa lita barabara kuu, mjini 7.

Sasa ukienda kununua, kilomita za kwenye dashibodi usizihesabu, zinarudishwa. Chunguza kama ilikuwa ya abiria, maana nyingi zimepiga ruti za Arusha–Namanga na Arusha–Moshi tangu ujana wao. Nyanyua zulia utafute matundu ya siti zilizoongezwa. Chungulia spring za nyuma kama zimewekewa raba. Fungua na kufunga mlango wa kusukuma mara kumi, wa gari ya abiria unajisema wenyewe. Halafu fungua mfuniko wa rejeta injini ikiwa baridi: maji ya rangi ya chai, aga uondoke.

Voxy ya 2001 kuja juu ina nafasi zaidi, inavutwa na magurudumu ya mbele, na injini ni ya cheni, hiyo ya belti unaisahau. Ila nyingi zina 1AZ-FSE ya D-4, inayopuliza petroli ndani ya silinda moja kwa moja kwa presha kubwa. Inataka petroli safi na fundi mwenye mashine ya kupimia. Ungekuwa Dar ningekuambia chukua. Kwa Same, mimi ningebaki na SR40, ambayo hata fundi wa chini ya mwembe anaijua.

Nenda kuiangalia asubuhi mapema. Ukikuta mwenyewe ameshaiwasha "ipate moto kidogo", rudi nyumbani, uje kesho yake bila kupiga simu.