Barua ya Kiingereza ikirudi na wino mwekundu, kagua kiima na kitenzi kwanza

Mleta mada, umeuliza kwa nini barua yako ya kuomba kazi inarudi imechorwachorwa ilhali maneno yote unayajua. Shida si msamiati. Kitenzi cha Kiswahili hubeba mtenda, wakati na tendo kwa pamoja, Kiingereza huvitawanya. Ukiandika kwa mkondo wa Kiswahili, lazima kitu kizidi au kipungue.

Angalia sentensi hii:

"My supervisor he have trained me in 2021, I am knowing Excel since then."

Ina makosa manne. Hiyo "he" ni kiambishi "a-" cha "amenifundisha" kilichohamia Kiingereza. Kiima, yaani mtenda ("My supervisor"), kimeshatajwa, ifute. Halafu "have". Wengi watakimbilia kuibadilisha iwe "has", lakini bado ni kosa, kwa sababu mwaka umetajwa na umepita. Wapo kati yetu wanaosema "amenifundisha mwaka 2021" bila kushtuka. Kiingereza kikishataja wakati uliokwisha kinadai "trained" tupu. Tatu, pande zote mbili za mkato zina kiima na kitenzi chake, yaani ni sentensi mbili kamili, na mkato peke yake hauwezi kuzishika. Weka nukta, au nukta mkato (;), au mkato ukifuatiwa na "and". Nne, "know" hutaja hali, si tendo linaloendelea, kwa hiyo haipokei "-ing" hapo. Na kwa kuwa kuna "since", hali hiyo ilianza zamani na bado ipo, hivyo ni "have known".

"My supervisor trained me in 2021, and I have known Excel since then."

Fanya hivyohivyo kwa barua nzima: pigia mstari kila kitenzi, kisha mtafute mwenye nacho. Anayeponza watu ni kiima kilicho mbali na kitenzi chake. "The list of items are attached" inasikika sawa kwa sababu "items" iko jirani, lakini kilichoambatishwa ni "list", kwa hiyo ni "is". Ukikuta "did", wakati uliopita umeshabebwa; kitenzi kinachofuata kinabaki uchi: "did not go", kamwe si "did not went".

Sentensi inayoanza na "Because" au "Although" isiachwe ining'inie peke yake. Ni kishazi tegemezi, yaani kipande kisichosimama chenyewe, kinahitaji kishazi huru, kinachojitosheleza. Na ukishaandika "Although", usirudi na "but". "Ingawa... lakini" ni yetu, kwao moja inatosha.

Mengine ni ya kukariri tu. "Information", "equipment", "advice" na "furniture" hazichukui "s". "Discuss" haitaki "about". "He" na "she" zikague kwa macho yako mwenyewe, maana "yeye" yetu haibagui jinsia na kompyuta haijui kama bosi wako ni mama au baba.

Kagua ukianzia sentensi ya mwisho kupanda juu, ili usibebwe na maana ukaruka makosa. Kwenye barua za kazi, sentensi hiyo ya mwisho mara nyingi ni "I look forward to hear from you". Andika "hearing": hiyo "to" ni kihusishi (preposition), si ile ya "to hear", na baada yake kitenzi huvaa "-ing".