Barua kwa mwanangu: kwa nini mashine zilianzia Uingereza

Mwanangu Zuhura,

Sauti uliyonitumia juzi nimeisikiliza mara mbili. Mwenzako wa ofisini anadai viwanda vilianzia Ulaya kwa kuwa Wazungu walikuwa na akili kuliko watu wa Asia, nawe ukakosa la kumjibu. Unauliza: ikiwa Wachina walikuwa na karatasi, baruti na dira, mbona mashine ya mvuke haikutoka kwao?

Nianzie kiwandani kwetu. Unakumbuka nilivyokuwa nikirudi jioni, mama yako akinikanda mgongo? Robota moja la pamba lilikuwa na kilo kama 180, na vibarua wanne walilibiringisha kutoka kwenye lori hadi ghalani. Tukamwomba mkuu wetu foklifti. Akachukua kalamu, akapiga hesabu ya posho za wale vibarua, akacheka. Foklifti haikuja. Mkuu yule alikuwa msomi, mashine alizijua vizuri. Mikono ilikuwa rahisi, basi.

Sasa twende China. Mwaka 1313, mwandishi wa Kichina Wang Zhen alieleza mashine ya kusokotea yenye pia 32, yaani vijiti vya kuzungusha na kukusanya uzi, inayozungushwa na mnyama au na maji. Zaidi ya miaka 400 baadaye, James Hargreaves wa Lancashire, jimbo la Uingereza, alianza na pia nane tu! Ila ile ya Wachina ilikuwa ya nyuzi ndefu za mimea. Nyuzi za pamba ni fupi, lazima zivutwe kwanza. Hapo nisibishiwe, nimepaka grisi rola za kuvutia pamba miaka 22: jozi ya mbele inakimbia kuliko ya nyuma, utepe wa pamba unarefuka na kuwa mwembamba, ndipo unasokotwa. Wazo hilo Lewis Paul alilichukulia hataza, yaani haki ya mbunifu kutoigwa, Uingereza mwaka 1738, na Richard Arkwright akaja kutajirika nalo. Fundi wa Suzhou, mji wa China, asingeweza kulibuni? Angeweza. Lakini nani angemlipa, na kila nyumba ya mkulima ina mke na mabinti wanaosokota wenyewe?

Uingereza mambo yalikuwa kinyume. Ujira ulikuwa juu, na nguo za pamba za India zilikuwa nzuri na za bei nafuu hata Bunge likaziwekea marufuku, mwaka 1700 na tena 1721. Kwa mkono, msokotaji wa Lancashire hakumfikia yule wa Bengal, kule India. Kwa hiyo aliyebuni kifaa cha kupunguza mikono alikuwa na mnunuzi anayemsubiri.

Halafu makaa ya mawe. Mashine ya mvuke ya Thomas Newcomen, ya kupampu maji, iliyofungwa mgodini karibu na Dudley mwaka 1712, ilikuwa jitu lenye njaa: joto lililogeuka kuwa kazi halikufika hata asilimia 1. Ingewekwa kwingine ingemfilisi mwenyewe. Lakini kwenye mdomo wa mgodi makaa mabovu yalikuwa kama bure, na maji yalikuwa yakifurika chini. China makaa mengi yako kaskazini, upande wa Shanxi, wakati wafumaji wakubwa walikuwa kwenye bonde la Yangzi, mbali sana kuyasafirisha. Tena migodi mingi ya kule ilikuwa mikavu, haikuhitaji pampu. Huwezi kulaumu mtu kwa kutobuni dawa ya ugonjwa asioumwa.

Wengine watakutajia sheria za hataza. Mimi sizipi uzito mkubwa. Hataza ya James Watt, aliyeiboresha mashine ya mvuke, iliwafunga mikono wenzake mpaka 1800. Mwambie huyo mwenzako habari ya pamba yenyewe: haikuota Lancashire. Ililimwa na watumwa, kwanza visiwa vya Karibi, baadaye kusini mwa Marekani. Ile amerikani aliyokuwa akiishona bibi yako, jina lake lilitokana na nguo za Wamarekani zilizoshushwa Unguja.

Foklifti nayo ilikuja, wewe ukiwa darasa la sita. Kima cha chini cha mshahara kilipandishwa, mkuu akachukua kalamu ileile, na baada ya miezi mitatu mashine ikashushwa getini. Vibarua wawili kati ya wanne walibaki. Funguo nilikabidhiwa mimi.

Baba yako