Midomo ya buluu baada ya dapsoni

SWALI: Mume wangu anaishi na VVU. Septrin, dawa ya kuzuia maambukizi, ilimtoa vipele, akapewa badala yake dapsoni miligramu 100 kwa siku. Sasa midomo imekuwa ya buluu. Aache? – Mama Aisha, Jinja

JIBU: Mama Aisha, mpeleke kliniki leo, na asimeze kidonge kingine cha dapsoni kabla ya kuonwa. Dapsoni hugeuza sehemu ya hemoglobini, kibeba-oksijeni cha damu, ikashindwa kubeba oksijeni. Beba pakiti ya dawa uwaonyeshe, maana kile kipimo cha oksijeni cha kubana kidoleni hudanganya hapo. Mkojo mweusi kama chai ya rangi, au macho ya manjano? Chembe nyekundu za damu zinavunjika, hasa kwa mwenye upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinachozilinda chembe hizo; kipimo chake hufaa kifanywe kabla ya kuanza dapsoni. Homa na vipele katika wiki za mwanzo ni hatari zaidi: aache, asiirudie kamwe. Wala asijirudishie Septrin mwenyewe.