Wasisikie habari za mradi wako kwa wengine

Mwanangu mpendwa,

Huku Kirumba, Mwanza, hatujambo. Umeniuliza kwa nini wavuvi wa huko Ukerewe wameanza kuwakatalia vijana wako kupima dagaa, na mfadhili naye anakudai maelezo kila wiki, wakati kazi ya utafiti unaiweza vizuri.

Nimekusanya takwimu za samaki mialoni, kule boti zinakoshusha samaki, mpaka nikastaafu, na ninavyoona, watu wanasikia habari za mradi wako kwa wengine. Mvuvi anawaona vijana na mizani, wanajaza fomu, wanaondoka. Namba zinakwenda wapi, hajui. Jirani akimwambia ndizo zitakazotumika kufunga uvuvi ziwani, ataamini. Atakunyima dagaa, au atakupa jibu la kukuridhisha tu. Hilo la pili naliogopa zaidi, maana linaingia kwenye takwimu bila mtu kujua. Na Ziwa Victoria hili ni la nchi tatu: tangu 1994 Tanzania, Kenya na Uganda zina chombo kimoja cha uvuvi, LVFO (Shirika la Uvuvi la Ziwa Victoria), pale Jinja, Uganda. Namba mbovu ya mwalo mmoja husafiri mbali.

Kibali cha utafiti cha COSTECH, ile tume ya sayansi na teknolojia, unacho, lakini mwenyekiti wa BMU, kikundi cha wavuvi kinachosimamia mwalo, anataka kukuona wewe. Usimtumie barua. Nenda wakati wa mbalamwezi; dagaa huvuliwa gizani kwa taa, kwa hiyo mwezi ukiwa mkubwa wavuvi wako nchi kavu wanashona nyavu, wana nafasi ya kuzungumza. Grafu ziache. Waonyeshe kwenye rula: dagaa wengi tuliopima hapa mwezi uliopita walikuwa urefu huu. Kisha uliza wao wanaonaje, unyamaze. Watakueleza habari za upepo na macho ya nyavu ambazo fomu yako haina pa kuziandika. Ziandike hivyo hivyo.

Mfadhili mwandikie kabla hajauliza. Injini ya boti ikifa, wiki hiyo hiyo mweleze kipimo gani kimekosekana, utakifidiaje, na unahitaji uamuzi wake kufikia lini. Nusu ukurasa unatosha.

Vijana wako nao, tafadhali: anayeleta fomu yenye pengo usimkemee mbele za wenzake. Ukimwaibisha leo, kesho pengo atalijazia nyumbani, na hutagundua kamwe. Muulize kilichomkwamisha, umshukuru kwa kusema.

Anza na mwenyekiti, ripoti ifuate. Ukitaka nikusindikize, nipigie. Nitapanda kivuko cha asubuhi.

Baba yako