Re: Shahada ya uhandisi ya chuo binafsi itatambulika?

Habari mkuu. Unauliza kama shahada ya uhandisi ya chuo binafsi itakubalika kwenye ajira. Usianze na jina la chuo, anza na kozi. Fungua mwongozo wa udahili wa TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania) wa mwaka huu, tafuta chuo, kisha msimbo wa kozi yako. Chuo kinaweza kuwa na ithibati huku kozi mpya haijaidhinishwa, na hapo ndipo watu hunasa. Halafu waulize ERB (Bodi ya Usajili wa Wahandisi) kama wanawasajili wahitimu wake. Mkopo wa HESLB (Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu) upo hata vyuo binafsi, ila ada ikizidi kiwango ulichopangiwa, tofauti ni yako. Matangazo ya "ajira uhakika" yapuuze; uliza wanafunzi wanapelekwa wapi mafunzo kwa vitendo.